Karatasi ya Njano Haimo Jaladani

Mpendwa Bi Verna, nakusihi unijibu kabla ya Ijumaa maana sina mwingine wa kumuuliza, mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa pili, huku kaskazini mwa Minnesota, na muhula huu chuo kimenipeleka kufanya mafunzo katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti, silipwi ila naandikiwa ripoti, na mwandishi wa ripoti ni msimamizi wangu, Bwana Hatcher, mmoja wa waendesha mashtaka. Hapa ofisini mwendesha mashtaka hahoji shahidi peke yake, lazima awepo mtu wa pili, ili shahidi akigeuza maneno kortini apatikane wa kumsuta, na siku zote huchukuliwa mpelelezi wetu, Gunderson, lakini Jumatatu Gunderson alikuwa mezani kwake anakula mkate wake wa samaki, na bado nikaitwa mimi.

Shahidi ni Bi Loretta, muuzaji wa duka la kituo cha mafuta lililoporwa, ambaye polisi waliandika kwamba alimtambua Curtis Wendt, kijana aliye rumande tangu Januari. Bi Loretta akasema, "Bwana, nikwambie kweli, uso sikuuona. Niliona koti. Askari ndiye aliyeweka kidole juu ya picha, mimi nikaitikia." Bwana Hatcher akanigeukia, "Usiandike hayo, mama kachoka huyu." Nilikuwa nimeshaandika, na karatasi yangu ya njano nikaiweka jaladani kwa mkono wangu, asubuhi yake haimo. Nikamuuliza. Akacheka, "Karatasi gani, binti? Twende nikununulie kahawa," mtu ambaye hajawahi kuninunulia hata maji, na huko akaanza habari za ajira ya baada ya chuo, na sasa kila nikipita Gunderson anafunga mlango.

Curtis amepewa mpaka Ijumaa akiri kosa apate miaka minne, akikataa anaweza kupata kumi na miwili, na nina hakika wakili wake hajui alichosema Bi Loretta, ingawa sheria inatulazimisha kuupa upande wa utetezi kila kinachomsaidia mshtakiwa. Au huenda karatasi ilidondoka tu? Mchumba wangu Anders ananiambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wewe tulia." Ajira hii naitaka sana, Bi Verna. Nifanyeje?

Mwenye Shaka

JIBU

Binti, pole, lakini kwanza nikugombeze. Siri za jalada hazipelekwi gazetini, hata kwangu! Majina nimeyabadilisha yote, na jibu hili nakutumia leo. Gazetini litatoka mambo yakiisha. Na Anders asisikie neno jingine. Mwambie mtu huinama mvunguni kutafuta kitu, hainami kukifukia.

Karatasi haikudondoka, na wewe unajua, ndiyo maana umeniandikia. Nimeishi na mume karani wa mahakama miaka thelathini na moja, najua kahawa ya ghafla huwa na maana gani. Unashangaa kwa nini Gunderson hakuitwa? Gunderson hategemei ripoti ya mtu. Wewe unaitegemea. Hatcher alihitaji mtu wa pili chumbani, akamtafuta asiyeweza kufungua mdomo. Na wewe pia nakushuku kidogo, maana ulitaka nikuambie kwamba ni wasiwasi wako tu.

Sasa sikiliza. Ukimaliza kusoma, andika upya maneno ya Bi Loretta kama unavyoyakumbuka, tia tarehe na sahihi. Kisha mwandikie Hatcher barua pepe yenye swali moja: je, maneno hayo yamepelekwa kwa wakili wa Curtis? Asipokujibu "ndiyo" kufikia saa nane mchana leo, panda kwa mkuu wa ofisi, na saa hiyo hiyo mpigie profesa anayesimamia mafunzo yenu, hiyo ndiyo kazi yake. Usimkimbilie wakili wa utetezi kivyako. Profesa atakuonyesha njia kama mkuu naye atakufungia mlango.

Ajira unaweza kuikosa, sikudanganyi, na nitasikitika nawe. Curtis naye Ijumaa atapewa kalamu asaini miaka minne, akiamini kuna mwanamke aliyeuona uso wake.

Hatcher alikuchagua kwa kuamini utanyamaza, na hadi naandika haya, Jumatano saa nne asubuhi, bado hajakosea.

Bi Verna