Mtu Mwingine Chumbani

Baba watoto,

Mchele nimeshaosha, uko kwenye sufuria. Mtoto anywe dawa baada ya kula, si kabla. Mlango wa nyuma tia komeo, kitasa kimelegea tena.

Asubuhi sikukujibu kwa sababu ningefungua mdomo ningesema ya kujutia. Nilikuomba jambo moja tu: nikiwa kwenye mtihani wa chuo kwa kompyuta, asiingie mtu chumbani. Kamera inaona, maikrofoni inasikia. Nawe ukaja unanyata na kikombe cha chai, ukainama sikioni kwangu, ukaninong'oneza, "Jibu ni la tatu, mama." Kompyuta ikaandika kuna mtu mwingine chumbani, ikafunga mtihani papo hapo. Hata nusu sijafika!

Najua ulitaka kunisaidia. Lakini muhula mzima nimesoma huku mguu uko kwenye cherehani, halafu leo naonekana mwizi wa mitihani. Mchana nitampigia mhadhiri, nimwambie mimi siibi, nina mume tu. Akicheka, huenda akanifungulia tena. Asipocheka, narudia somo zima.

~~Usinisubiri, leo nalala kwa dada.~~

Hilo nimelifuta. Nitarudi jioni. Niwekee chakula, na usinisemeshe mpaka nishibe.

Halafu, lile jibu lako lilikuwa sahihi. Ila ungeitazama skrini vizuri kabla ya kuninong'oneza, ungeona nimeshalichagua.

Mkeo