Meko Yaliyoitwa Moto

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limetulia. Sisi hatujambo, ila mafua yanapokezana zamu humu ndani.

Kazi ya kamusi inakwenda, tumefika herufi F. Utaratibu wetu unaujua: aliyeandika neno la Kilatini husimama akalieleza kwa mdomo, wenzake wakamchachafya mpaka jasho limtoke. Juzi nilisimama na neno focus. Mhariri mkuu alitaka tuanze na maana ya moto, kwa kuwa Mtaliano husema fuoco, Mfaransa feu, Mhispania fuego, Mreno fogo, na wote wanataja moto. Nikamkatalia katakata. Nilimweleza kwamba kwa Warumi wa kale focus ilikuwa meko, pale pa kupikia na kuota joto. Moto wenyewe waliuita ignis, neno lililotoweka midomoni mwa watu wa kawaida. Akauliza kwa kejeli ilikuwaje basi meko yakaitwa moto. Nikajibu kwamba watu walikaa hapo kila siku, wakala hapo, mwishowe wakaacha kutenganisha. Akakubali, shingo upande. Nilipoketi machozi yalinitoka, wenzangu wakadhani ni hasira.

Nilikuwa namfikiria binti wa mume wangu. Siku ya harusi yetu uliniambia nisijidanganye, kwamba mama yake ni yule marehemu, na mimi nitabaki mlezi tu. Iliniuma, lakini sikubisha, maana mtoto mwenyewe aliniita Shangazi. Mwezi uliopita akashikwa na homa, na nesi akamuuliza kaja na nani. Akasema kaja na mama. Hata hakunitazama, alikuwa anatafuta kiatu chake. Tangu siku hiyo ni mama huku, mama kule, mpaka masikio yanauma.

Sasa lililonishikisha kalamu. Wiki iliyopita mahakama imetukubalia: ni mwanangu kisheria. Sikukuomba ushauri kwa sababu ungenikataza, nami nisingekutii.

Shule zikifungwa tunakuja. Ameshafungasha, na nimemwambia akuite Bibi. Ukimpokea kama mtoto wa watu, tutageuka hapohapo mlangoni, wala sitakuja tena bila yeye. Nakupenda, Mama, na nakuogopa, lakini hapo sirudi nyuma.

Nisalimie dada na wanawe. Mkweo anakuamkia.

Ni mimi, kitinda mimba wako.

Amekataa nifunge bahasha kabla hajaandika mwenyewe:

Shikamoo Bibi. Mama anasema wewe ni mkali lakini huumi.