Viti Vitatu vya Uani na Kura ya Mama Uingereza

Alhamisi, jioni. Baridi ya mwezi wa saba imekaa hapa Kanja, Embu, kama mgeni asiyejua kuaga. Mvua yenyewe si mvua, ni yale manyunyu yanayokulowesha sweta polepole hadi unashtukia umelowa wote. Niko jikoni kwa Cucu, nimenyoosha miguu karibu na moto, soksi zinatoa mvuke.

Leo Mama amepiga kura. Si hapa. Uingereza.

Kama umeangukia blogu hii kwa bahati tu (wasomaji wangu ni wachache, na mmoja wao ni mimi), acha nieleze. Mama yangu anafanya kazi ya kutunza wazee huko, katika mji mdogo ambao anasema unanyesha kutushinda. Aliondoka mapema mwaka huu. Mpango ulikuwa nimfuate. Lakini karatasi zake zilichelewa, na zilipotoka sheria ilikuwa imeshabadilika: mtu anayeenda kutunza wazee haruhusiwi tena kwenda na mtoto. Akaenda peke yake. Mimi nikabaki na Cucu na Guka, mama yake na baba yake.

Sasa, kwa kuwa Kenya iko katika Jumuiya ya Madola, mtu wetu akiishi kule kihalali anaruhusiwa kuwachagulia wabunge. Anko Njeru, mdogo wake Mama, aliposikia hivyo alicheka mpaka akakohoa. Yeye anauza vipuri vya pikipiki kule Makutano, Meru, na hucheka kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na malori. "Walikuja huku bila kumuuliza mtu," akasema, "leo wanatuuliza sisi awaongoze nani!"

Mama hakucheka. Alikuwa hajui achague nani.

Alitueleza kwa simu, na mimi nitajaribu kueleza vile nilivyoelewa. Chama cha kwanza ndicho kilichoko madarakani, na ndicho kilichonifungia mlango. Cha pili kinataka kukitoa. Kinaahidi kuwatetea watu wa kazi kama ya Mama, wasikamuliwe hadi waanguke, lakini kuhusu mlango kimesema wazi kwamba hakitaufungua. Cha tatu ni kidogo. Hicho ndicho kinasema kitaufungua, ila pale anapoishi Mama hakina watu. Ushindani wa pale ni wa cha kwanza na cha pili, vimekaribiana sana, na ukipigia cha tatu unaweza kujikuta umekirudisha cha kwanza. Halafu kuna cha nne, ambacho kingependa watu kama Mama wasionekane kule kabisa.

"Hakuna kizuri," Mama alisema. "Natafuta tu chenye ubaya mdogo."

Anasema hata wale wazee anaowatunza wamegawanyika. Bibi mmoja na jirani yake, waliokuwa wakinywa chai pamoja kila asubuhi, sasa wanapewa meza tofauti.

Basi Jumapili, baada ya kanisa, Cucu akaamua mambo yaamuliwe kwa njia anayoiamini. Kwa Cucu uchaguzi ni ule wa faktori, pale tunapopeleka kahawa. Zamani wakulima walikuwa wakichagua wakurugenzi kwa kupanga mlolongo: anayetaka kiti anasimama mbele, na wewe unaenda kusimama nyuma yake mchana kweupe, kila mtu akikuona. Guka aliwahi kusimama nyuma ya rafiki yake akawa yeye peke yake. Mpaka leo kuna watu huko sokoni Karurumo wanaomwamkia kwa jina la "Mlolongo".

Cucu akatoa viti vitatu uani. Kile cha sebuleni chenye kitambaa cha kufuma kikawa chama cha kwanza. Cha plastiki, cha pili. Kigoda chake cha kukamulia ng'ombe kikawa chama cha tatu.

"Na cha nne?" akauliza Anko Njeru, aliyekuwa amekuja kutusalimia.

"Huyo hana kiti kwangu. Asimame huko barabarani anyeshewe."

Mimi nilipewa simu niishike ili Mama aone vizuri. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kwenye shughuli yoyote ya familia. Mwenye kushika simu haonekani. Hakuna anayemuuliza anaendeleaje na hesabu, wala mbona hapendi kuongea.

Naogopa mlolongo. Hata darasani tukichagua viranja kwa kunyoosha mikono, mimi husubiri kwanza nione mikono iliyo mingi, ndipo wangu upande nusu. Siku hizi vijana wanasimama barabarani huko Nairobi na hata Embu mjini, wanasema wanachotaka kwa sauti. Mimi najificha nyuma ya simu kwetu nyumbani.

Guka akaenda moja kwa moja kwa kiti cha kitambaa, akakikalia.

"Mzee, unasimama nyuma!" Anko Njeru akapiga kelele. "Chama hakikaliwi!"

"Magoti yangu hayana chama," Guka akajibu. "Halafu hawa nimewazoea. Ukileta wapya wanaanza kujifunza kula upya."

"Hao ndio waliomfungia mtoto mlango," Cucu akamkumbusha.

Guka akainuka kama aliyekalia siafu. Akatazama huku na huku, akaenda kusimama nyuma ya kigoda, pale alipokuwa Cucu. Anko Njeru akabaki kwa kiti cha plastiki. "Kura ni ya anayeweza kushinda," akasema. "Mimi sitaki kuitwa Mlolongo wa Pili."

Tukacheka wote. Guka naye akacheka, lakini akachelewa kidogo.

Halafu sauti ya Mama ikatoka kwenye simu. "Mnaona? Hata nyinyi mmeshindwa." Tukasikia kama anafuta pua. "Moyo wangu uko hapo kwa kigoda. Lakini nikisimama hapo, wale wa kitambaa wanapita. Kazini tuko wachache, wenzangu wanalia vyooni, siku ya kupumzika inakuja halafu inafutwa. Nikisimama kwa plastiki labda hilo litabadilika. Lakini nitakuwa nimemwambia mtoto wangu, baki huko."

Cucu akashika ncha ya leso akaikunja, akaikunjua.

"Na huyo aliyeshika simu?" Mama akauliza. "Yeye yuko kiti gani?"

Wote wakanigeukia.

Ningeweza kusema "kigoda". Ndilo lililotarajiwa, na lingempendeza kila mtu. Badala yake nikageuza simu, kamera ikaniangalia mimi. Nikajiona kwenye kile kidirisha kidogo cha pembeni, nywele zimesimama, na Mama kwenye dirisha kubwa akiwa na sare yake ya kazi.

"Mama, mimi sitaki kuja huko."

Nilitaka kulisema kwa upole. Lilitoka kama mlango unaobamizwa.

Kuku akaruka juu ya kigoda akakung'uta mbawa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Cucu hakumfukuza.

"Wawira," Mama akasema. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Nikafikiri Cucu atanigombeza. Msichana hamjibu mzazi namna hiyo mbele ya watu. Lakini Cucu akaguna, akasema polepole, "Ni kweli. Tuliuliza pasipoti. Huyu hatukumuuliza."

Basi nikamwaga yote, haraka haraka, kabla ya uoga kurudi. Kwamba nataka kumaliza shule hapa. Kwamba ninapenda kuamka nikaona mlima siku ambazo umekubali kuonekana. Kwamba sitaki Mama anipigie kura mimi, ajipigie yeye na wale wanaolia vyooni. "Mchague anayeweza kukupa likizo," nikasema. "Sitaki kuja. Nataka wewe ndiwe uje."

(Tuliongea Kiembu, kama kawaida ya nyumbani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu nakijua kwa mdomo tu. Kwa Kiembu ilikuwa tamu zaidi na ilichoma zaidi.)

Mama aliniangalia muda mrefu. Akasema zamu yake inaanza, akakata. Anko Njeru akarudisha viti ndani bila mzaha wowote. Guka akanipitia pale nilipokuwa nimeganda, akanigonga bega kwa fimbo. "Mimi siku ile ya faktori," akasema, "nilirudi nyumbani nikala vizuri tu." Akaenda zake.

Nitakuambia jambo ambalo sikulisema pale uani. Sijui kama nilichosema ni kweli yote. Kuna siku nataka kwenda. Kuna asubuhi nikisuka nywele mwenyewe nashindwa na kisogo, na ninamtaka Mama hata kama ni kwenye baridi hiyo yao. Labda sehemu yangu inaogopa tu kuwa mgeni mahali ambapo watu wanapiga kura kuhusu wageni. Lakini nikipima, upande wa kubaki ndio mzito. Si mzito sana. Unatosha.

Pengine kuchagua ndivyo kulivyo. Nilidhani watu wakubwa wanachagua wakiwa na uhakika.

Jumatatu, Jumanne na jana, Mama hakupiga simu. Nilijiambia nimemvunja. Sikuweza kula vizuri kama Guka.

Leo nimetoka shule nikakuta Cucu amesimama langoni na simu ya Guka, ameifunika kwa leso isinyeshewe. Mama alikuwa ametuma ujumbe wa sauti asubuhi, akitoka zamu. Tukausikiliza jikoni sote watatu. Anasema wamepigia kwenye ukumbi wa kanisa, hakuna polisi wa kuonekana, hakuna foleni, mtu mmoja alikuja na mbwa wake. Anasema unapewa karatasi unaingia kakibanda, na humo unakuta penseli imefungwa kwa kamba.

"Penseli?" Guka akasimamisha ujumbe. "Na raba anashika nani?"

"Mwache amalize," Cucu akasema.

Mama akasema ameweka alama yake na hatatuambia kiti gani. Huko hakuna mlolongo, kwa hivyo tusimsumbue.

"Sitaki kujua kiti," Cucu akasema, "nataka kuona kidole." Kwa Cucu mtu ambaye kidole chake hakina wino hajapiga kura, amesimulia tu. Guka akamwandikia Mama hivyo hivyo, neno kwa neno.

Picha imeingia sasa hivi, nikiwa naandika haya. Huko hawapaki wino. Lakini Mama amechukua biro ya kazini akajipaka mwenyewe, kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ukucha wote wa buluu, umetoka nje ya mstari kama kazi ya mtoto wa chekechea. Cucu ameitazama hiyo picha akacheka hadi machozi, na sasa anaitafuta miwani aitazame tena.

Chini ya picha kuna maneno aliyoniandikia mimi. "Wawira, nimeomba likizo ya Desemba. Meneja hajakataa, amesema ataangalia. Ulivyogeuza ile simu, nikakuona umekua. Kuja si lazima. Mlango ukifunguka siku moja, nitakuuliza kwanza."

Nimesoma mara nyingi. "Hajakataa" ni neno zuri sana.

Huko wataanza kuhesabu sisi tukiwa tumelala. Tutaamka tujue nani ameshinda, na labda aliyeshinda atakuwa mbaya kidogo tu, kama alivyotarajia Mama. Anaweza pia kuwa bora kuliko tulivyodhani. Inatokea.

Uchaguzi wetu mwingine ukifika nitakuwa na kitambulisho. Nitaingia kibandani na hakuna atakayeniona. Nilikuwa nikidhani hiyo ndiyo sehemu nitakayoipenda.

Nimechukua biro yangu ya shule na kupaka ukucha wa kidole changu kidogo. Sijampigia mtu yeyote kura, najua. Lakini Jumapili, uani kwa Cucu, nilisema ninachotaka, na watu wakasikia.

Kesho mwalimu wa zamu atakagua kucha pale langoni. Akiniuliza hii rangi ni ya nini, sitaficha mkono.