Machozi ya Yaya Bernadette

Kashikishi, siku ya Mungu

Mudogo wangu Odile,

Amani ya Bwana ikukute muzima. Dada yetu mukubwa, yaya Bernadette, aliharisha siku mbili huku ng'ambo ya ziwa tulikofuata samaki. Alikauka mpaka akawa analia bila machozi. Nesi wa kliniki akamuletea maji yenye chumvi na sukari. Yaya akakataa kuyanywa.

"Miye natia samaki chumvi miaka yote, najua namna inavyonyonya maji. Unataka kunikausha?"

Nesi, Mubemba mupole, akacheka. "Mama, samaki wako amekufa, wewe uko muzima. Ngozi ya ndani ya tumbo lako iko na milango midogo sana. Chumvi peke yake haipiti vizuri. Sukari inaishika mukono, zinaingia pamoja, na maji yanafuata."

"Na kama unanidanganya?"

"Utanipiga na huyo samaki."

Alikunywa kijiko kwa kijiko, mimi na rozari yangu pembeni. Leo asubuhi nilimwambia kwamba nilisahau kutia samaki wake chumvi, wameoza wote. Akalia. Machozi yalitoka mengi, Odile, nikamushukuru Mungu.

Akulinde wewe na batoto mpaka tuvuke ziwa.

Yaya wako Kristina