Bahari ya Shuka Mbili

Jumamosi, 15 Aprili 1967

Nimefua shuka mbili za buluu. Siku ya Ashura ni Alkhamisi. Watoto washaanza kugombana nani abebe nini. Ndivyo tulivyofanya tangu Unguja: baada ya futari shuka zinatandazwa, moja huku moja huku, ndiyo bahari aliyovuka Nabii Musa na watu wake. Baba anahadithia, anapiga bakora chini, sote tunapita katikati, kila mtu na kitu kimoja asichokubali kukiacha nyuma.

Mwaka huu sijui. Leo Baba kaniuliza mimi mtoto wa nani.

Jumatatu, 17 Aprili

Baba kamuulizia Mama tena. Mama tulimzika Unguja, wiki mbili kabla ya kupanda meli kuja huku Maskati. Kila nikimwambia, analia kama ndiyo kwanza anasikia. Leo mara tatu.

Suleiman, mume wangu, kampeleka kwa daktari, mjini Matrah. Uzee. Dawa hakuna.

Nimechoka, na naona haya kuchoka.

Jumatano, 19 Aprili

Nimefunga, na kesho tena. Suleiman anasema mwaka huu tuache mchezo wa bahari, tusimchanganye mzee. Zuwena, binti yetu, kasikia, kagoma kula. Miaka minane tu. Nikasema tutafanya. Sijui kwa ajili yake au yangu.

Alkhamisi, 20 Aprili

Tumefuturu. Shuka tukazifunga ncha moja dirishani, ncha ya pili mimi na Suleiman tumeshika.

Baba kaanza. Firauni, jeshi, maji. Hakukosa neno. Nilifurahi mno. Akapiga bakora. Salum, mwanetu mdogo, akavuka na birika. Zuwena na mto wake.

Zamu ya Baba. Kasimama, mikono mitupu.

"Vukeni nyinyi," kasema. "Mimi namngoja mama yenu."

Watoto wakacheka, wakidhani ndiyo mchezo. Suleiman akamshika mkono, akamvuta taratibu. Hatoki.

Nikasema, "Anakuja, Baba. Yuko nyuma."

Akavuka.

Ijumaa, 21 Aprili

Baba kaamka mapema. Kavaa kanzu safi, kaweka kiti mbele ya mlango. Chai hataki mpaka Mama aje. Nikimwambia kweli, atalia. Nikiongeza uongo, atakaa pale pale hata kesho.

Suleiman na Salum wamekwenda msikitini. Nimevuta mkeka, nimekaa karibu na kiti.

Kaniuliza kama na mimi namngoja.

Nikasema ndiyo.