Kidonge cha Jumamosi

Jumatano, 30 Julai 2025

Leo wamenitoa plasta. Mkono umetoka mwembamba, ngozi ina magamba, kama mkono wa mtu mwingine. Nilidhani mambo yameisha — kumbe ndiyo yanaanza.

Daktari Leodgar akaiinua picha ya mgongo wangu dirishani. Pingili moja imebonyea. Si ya kuanguka juzi, anasema, hii ni ya zamani. Nilijua mgongo unauma. Nilidhani ni uzee tu. Mifupa yangu inakonda kwa ndani, ndivyo alivyoeleza, na mtu anayejikwaa kwenye mkeka wa sebuleni akavunjika kifundo cha mkono, safari nyingine anavunjika nyonga.

Nyonga. Baada ya neno hilo sikumsikia kwa muda.

Bibi yangu alivunjika nyonga kule Rumonge, mwanzoni mwa mwaka 1972. Mwezi wa tano tulipokimbia mauaji kuvuka ziwa alikuwa bado kitandani. Mtumbwi ulikuwa umejaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema nendeni. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Tukafika Ujiji wote, isipokuwa yeye. Hadi leo hakuna aliyewahi kutuambia yaliyomkuta.

Nimepewa vidonge. Kimoja kwa wiki. Nimechagua Jumamosi.

Alhamisi, 31 Julai

Sikupaswa kuisoma ile karatasi ya ndani ya boksi! Kiingereza cha herufi za sisimizi, nimeimaliza kwa kamusi na miwani miwili. Dawa inaweza kuchoma koo. Inaweza, mara chache sana, kuharibu mfupa wa taya, hasa ukiwa umeng'olewa jino. Inaweza pia, kwa mtu aliyeitumia miaka mingi, kuvunja mfupa wa paja. Hapo nilirudia. Dawa ya kuzuia mfupa usivunjike — inavunja mfupa?

Mara chache sana ni ngapi? Tuseme mmoja katika maelfu. Hesabu nzuri hiyo, mpaka uwe wewe huyo mmoja. Na mimi nina gego bovu la chini, kushoto, ambalo nimekuwa nikilibembeleza tangu mwaka juzi.

Nikamsomea Shadia alipotoka dukani kwake Mwanga. Hata hakuketi. "Mama, ukiisoma yote hata karatasi ya Panadol hutaimeza."

Binti yangu huyu. Miaka thelathini nilifundisha watoto wa watu wasome kabla ya kutenda.

Jumamosi, 2 Agosti

Masharti: tumbo tupu, maji glasi nzima, nusu saa bila chai wala chakula, na usilale. Dawa zote nilizowahi kupewa ni kula kwanza ndipo umeze. Hii ni kinyume.

Nimepanga vizuri. Nimetia udhu, nimemeza, nikasimama kusali alfajiri. Kisha Yasini, kisha uradi. Nusu saa ikapita ndani ya ibada, hata hamu ya chai sikuisikia. Nilijiona mwerevu!

Mchana — kifua kinawaka, hapa katikati. Labda ni hofu tu.

Jumanne, 5 Agosti

Domitila wa nyumba ya pili kaja na dagaa wa mwisho kabla mwezi haujawa mpevu wavuvi wakapumzika. "Mwakeye, Mama Shadia!" akanisalimu. "Bado hujafa?" Nikamjibu namngoja yeye atangulie.

Alipoiona dawa akaisukuma kwa kidole. Kula dagaa na vichwa vyake, kaa juani asubuhi, basi. Mama yake alifika miaka tisini huko Mwamgongo, hajui kidonge wala daktari wa mifupa.

Nikamuuliza kama mama yake hakuwa amefupika.

"Aa, yule alikuwa mfupi tangu usichana!" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema hapana, zamani walikuwa wanalingana. Mwishoni alikuwa anamfika hapa — akaweka mkono chini ya ziwa lake, akauacha hapo.

Hakurudia habari za jua. Dagaa nimekula, na vichwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Cha pili. Utaratibu uleule. Kabla hata sijakunja msala, moto! Ugali wa mchana umenishinda, nimekunywa uji kwa kijiko kama mtoto.

Karatasi ilisema: ukiona maumivu wakati wa kumeza, acha dawa, mwone daktari. Daktari alisema: usikatishe dawa. Nimtii nani kati ya hawa wawili? Na karatasi na daktari si wametoka upande mmoja?

Jumamosi, 16 Agosti

Sikumeza. Nilikishika kidonge kwenye kiganja mpaka kikaanza kulainika kwa jasho, nikakirudisha.

Siku nzima koo limekuwa jepesi. Siku nzima pia nimetembea nikishika ukuta, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Shadia kaniona. Kaukunja ule mkeka akauweka juu ya kabati.

Jumatano, 20 Agosti

Kwa Daktari Leodgar. Nilikwenda nimejiandaa kumlaumu. Akaniambia nimwoneshe asubuhi yangu ya Jumamosi hatua kwa hatua, kana kwamba yeye ni mjukuu ananitazama. Nikamweleza: udhu, kidonge, maji, sala.

Yeye ni Mkristo, Mhaya. Akauliza polepole, "Samahani, Mama. Katika sala yenu kuna kuinama?"

Yunisi, nesi wake, Mkristo vilevile, akaangua kicheko. "Daktari! Jirani zangu wote Waislamu. Wanasujudu! Paji la uso mpaka chini!"

Daktari akaiweka kalamu chini. Rakaa mbili za sunna, mbili za faradhi. Sijida nane, na kidonge bado kiko njiani. Nilikuwa nakirudisha kooni mwenyewe, tena kwa unyenyekevu! Karatasi imesema usilale. Imesema ukae wima. Mimi nikasoma "usilale" nikaona nimetimiza. Walioiandika hawakufikiria mtu wa kusujudu, na mimi sikufikiria kwamba kusujudu ni kuinama. Kwangu ni kusali.

Sali kwanza, akasema, ndipo umeze. Au usali kwenye kiti. Kiti bado! Hilo nimemwambia waziwazi.

Basi nilidhani nimepata jibu. Lakini akaniambia nifungue mdomo, akaliona gego. Akakiri kwamba angeuliza mapema. Jino litoke kwanza, fizi ipone, ndipo tuendelee. Na kwa kuwa koo limeshaungua, kuna njia nyingine: dripu, mara moja kwa mwaka, haipiti kooni. Itaagizwa. Inaleta homa siku mbili tatu kwa baadhi ya watu. Figo zipimwe kwanza. Na hatari ile ya taya ipo palepale.

Nikauliza vidonge viwili nilivyomeza vina madhara gani kwa kung'oa jino. Anaona ni vichache mno kuleta shida. Hata hivyo nimwambie daktari wa meno kila kitu.

Nilikwenda na swali moja nikarudi na matatu.

Ijumaa, 22 Agosti

Kidonge naweza kukikataa kila Jumamosi. Dripu ikishaingia mshipani, hakuna wa kuitoa, nimekubali kwa mwaka mzima. Au niache vyote, nile dagaa. Kila njia ina "labda" yake, na labda zenyewe hazipimiki kwenye mzani mmoja. Taya ya mmoja katika maelfu. Nyonga ya — nilisahau kumuuliza nyonga ni ya wangapi!

Shadia anataka dripu. Nikamwambia anataka kwa sababu si mshipa wake. Akaacha kukunja vitenge.

"Mama, mimi siwezi kukubeba."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapima, kama anavyopima kitambaa. Yeye ni mwembamba na magoti yake mabovu, na nyumba yetu ina ngazi za mawe. Sijawahi kumsimulia habari za mtumbwi ule. Nilikwenda jikoni, nikasimama bila kuchukua chochote.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandikia gotini, kwenye kiti cha daktari wa meno. Shavu la kushoto halipo.

Daktari Catherine, mama mchangamfu, aliuliza kabla ya sindano: kuna dawa yoyote unayotumia? Shadia akaniwahi. "Ya presha tu." Njiani alikuwa ameniambia nisitaje mifupa, watu wa meno wakisikia wanaogopa, watatuzungusha mpaka mwakani. Nikanyamaza. Sindano ikaingia. Ganzi ikapanda.

Alipoishika koleo nikaweka mkono mdomoni. Nikamwambia. Vidonge viwili, jina lake, tarehe zake. Maneno yalitoka yamepinda lakini jina la dawa alilisikia vizuri. Akaiweka koleo kwenye sinia. Akamtazama Shadia, si mimi. "Dada, kwa nini umenificha?" Shadia analia sasa, pale mlangoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Anasema nimeharibu kila kitu.

Daktari Catherine ametoka nje kumpigia simu Daktari Leodgar. Namsikia ukumbini akisema viwili, ndiyo, viwili tu. Kisha, "Na yeye mwenyewe anasemaje?"

Ajabu ni hii — mwezi mzima nimeomba mtu aniambie niache. Sasa nimekaa hapa naomba Daktari Leodgar aseme endelea. Jino, dripu, homa, vyote. Nataka kuziteremka zile ngazi kwa miguu yangu, siku yoyote tutakapoambiwa tukimbie tena.

Viatu vya Daktari Catherine vinarudi. Nimejaribu kulitamka neno mapema, kwa sauti ndogo, nione kama litatoka: ng'oa. Limetoka nusu. Najaribu te—