Vigingi vya Nyumba ya Mtoni

Hounslow, Jumapili

Kwako kaka Linus,

Natumai kikohozi cha Mama kimepungua. Huku ni manyunyu tu, na mwanangu Victor sasa amenipita kwa urefu.

Uliniuliza kama nakubali shamba langu la kando ya mto liache kulimwa, lipandwe miti ya kienyeji, kisha serikali ya kaunti itulipe kwa kuutunza mto.

Juzi nilisinzia kwenye basi nikitoka kazini kwa wale wazee ninaowahudumia. Niliota ile nyumba niliyoipigia vigingi kwenye shamba hilo mwaka nilioondoka imekamilika. Miti ilikuwa imeota sebuleni, ndege wametua kwenye kabati la vyombo, nami nikapika chai bila kuwafukuza.

Nilipofika nilimsimulia Victor, nikamwambia tutaijenga tukirudi nyumbani. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba nyumbani ni hapa. Alisema kwa upole, akaendelea kula.

Basi nimekubali. Usifyeke tena nyasi kwenye vile vigingi, ving'oe. Wala usinipigie simu kunifariji. Ila pale ambapo pangekuwa chumba changu cha kulala, panda mti unaoishi miaka mingi.

Dadako,
Serah